Wanangu huchora vizuri wakifuata hatua za kwenye simu, lakini birika lililo mezani linawashinda. Nianzie wapi?

Mama wa Tabata aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Nina watoto watatu ninaowafundisha mwenyewe nyumbani, hapa Tabata. Kifungua mimba ana miaka 12, wa kati ana miaka 9, na kitinda mimba ana miaka 6. Hisabati, Kiswahili na sayansi tunakwenda vizuri, kwa kuwa vitabu vipo na mimi mwenyewe niliyasoma masomo hayo. Uchoraji ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu sikuwahi kufundishwa, na sitaki wanangu wakose somo hilo kwa kuwa tu mama yao hakulipata.

Kwa karibu mwaka mzima tumekuwa tukitegemea video. Mtoto anafungua simu, mchoraji anachora duara, mtoto naye anachora duara. Anaongezewa masikio, pua, manyoya ya shingoni, na baada ya robo saa simba amekamilika. Picha hizo zinapendeza kweli, na tumezibandika sebuleni. Lakini wiki iliyopita nilimwomba yule wa miaka 9 anichoree birika la chai lililokuwa mezani. Alikaa kimya akiitazama karatasi, si birika, kisha akaniuliza, "Mama, hatua ya kwanza ni ipi?" Sikuwa na jibu. Hatimaye alichora kitu chenye mdomo uliochomoza kama pembe na mkono uliokatizwa na ukingo wa karatasi, akakikunja kabla sijakitazama vizuri. Jioni ile niliwatazama tena simba wa ukutani nikagundua kwamba wote, wa watoto wote, wanatazama upande mmoja.

Naomba mnisaidie kujua ni mpangilio gani wa hatua unaofaa kufundishiwa mtoto ili aweze kuchora kitu ambacho hajaonyeshwa na mtu. Je, mzazi asiyejua kuchora anaweza kuufundisha? Je, niziondoe kabisa zile video? Bajeti yangu ni ndogo, hivyo vifaa vya gharama kubwa sitaviweza kwa sasa.


Mwalimu wa Kigamboni alijibu:

Dada, nimefundisha uchoraji kwa miaka mingi, kwanza darasani na sasa kwa watoto wanaosomea nyumbani huku Kigamboni. Nakuomba usihuzunike kwa swali la mwanao, kwa maana ameuliza kile hasa ambacho somo hili linapaswa kumjibu. Hatua alizozizoea kwenye video ni za picha moja tu. Hatua za simba yule haziwezi kumsaidia hata kumchora simba huyo huyo akiwa amegeuka, achilia mbali birika. Mtoto anahitaji hatua zinazohama naye, zinazofaa kwa birika leo, kwa mbuzi kesho na kwa ngalawa keshokutwa. Hatua hizo zipo, nazo zote ni hatua za kutazama kabla hazijawa hatua za kuchora.

Hatua ya kwanza haihitaji penseli. Mwambie alitazame birika kwa dakika nzima, afumbe jicho moja, kisha aufuatishe ukingo wake hewani kwa kidole, polepole, kana kwamba kidole kinaligusa bati lenyewe. Baada ya hapo aweke alama nne hafifu kwenye karatasi: birika litaishia wapi juu, wapi chini, wapi kushoto na wapi kulia. Mkono wa birika la mwanao ulikatizwa na ukingo wa karatasi kwa sababu alianzia kwenye mdomo akawa anaongeza kipande kwa kipande, ilhali fundi mwashi hapandishi tofali la kwanza kabla hajavuta kamba.

Kinachofuata ni kupima. Anyooshe mkono wake kabisa akiwa ameshika penseli wima, afumbe jicho moja, ncha ya penseli ailinganishe na kifuniko cha birika, na kidole gumba akishushe hadi kwenye kitako chake. Bila kukiondoa kidole, ailaze penseli na kuona kama upana wa tumbo la birika ni sawa na kimo chake, au ni mdogo, au ni mkubwa. Sharti ni moja tu: kiwiko kisikunjwe, kwa sababu kikikunjwa kipimo hubadilika. Watoto wa miaka 9 hufurahia sana kazi hii, kwani kwa mara ya kwanza wanapata namna ya kujisahihisha wenyewe bila kungoja mtu mzima aseme pameharibika.

Ndipo yaje maumbo. Tumbo la birika ni tufe lililobonyezwa, shingo ni mche duara mfupi, mdomo ni pia (umbo la koni) iliyokatwa ncha. Ayachore yote hafifu, akiwa amelegeza mkono, na ayaache yaingiliane, maana bado hatafuti mstari wa mwisho. Akifika kwenye mkono wa birika, mwambie asiuchore mkono. Achore lile tundu lililo kati ya mkono na tumbo. Watoto hushangaa wakiona kwamba wakilipatia tundu, mkono unajitokeza wenyewe. Jicho lina mazoea na mkono wa birika na hudhani linaujua, lakini tundu halina jina, kwa hiyo hulazimika kulitazama kweli.

Kabla ya birika, hata hivyo, ningekushauri uanze na kikombe cha kawaida, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kidogo. Mtoto akipewa kikombe huchora mdomo wake kama yai, ambalo ni sahihi, kisha huchora kitako chake kwa mstari ulionyooka, kwa sababu anajua kwamba kikombe kimekaa juu ya meza na meza imenyooka. Usimwambie kuwa amekosea. Kishike kikombe mbele ya uso wake, ukiinue taratibu hadi mdomo wa kikombe ulingane na jicho lake; ataona duaradufu, yaani lile umbo la yai, likisinyaa na kuwa mstari mtupu. Kishushe mpaka usawa wa kiti. Ataona duaradufu likipanuka na kukaribia kuwa duara. Kisha muulize: "Kikombe kikiwa mezani, kipi kiko chini zaidi ya jicho lako, mdomo au kitako?" Atajibu mwenyewe kwamba ni kitako, na kwa hiyo mviringo wa kitako unapaswa kukaribia duara zaidi kuliko wa mdomo, wala hauwezi kuwa mstari ulionyooka. Siku mkienda Kivukoni atagundua jambo hilo hilo kwa bahari: mstari wa upeo uko sawa na macho yake akiwa amesimama ufukweni, na akipanda ghorofani unapanda naye.

Kivuli ni cha mwisho, na hakina haraka. Kikifika zamu yake, weka yai jeupe juu ya karatasi nyeupe kando ya dirisha moja, uzime taa. Mwonyeshe sehemu inayong'aa, sehemu inayofifia, sehemu yenye giza, na kivuli kinacholala juu ya karatasi. Halafu muulize kwa nini chini kabisa ya yai, ndani ya giza, kuna mwanga mdogo. Ingiza kitambaa cheusi chini ya yai na mwanga ule utatoweka. Ataelewa bila maelezo marefu kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa ikiurudisha mwanga kwenye yai.

Vifaa visikuumize kichwa. Penseli ya HB kwa mistari hafifu na ya 4B kwa vivuli zinatosha kwa mwaka mzima, pamoja na rimu ya karatasi za A4. Mweleze mkubwa kwamba herufi H ni ya ugumu na B ni ya weusi, na kwamba ndani ya penseli hamna madini ya risasi bali grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, ufundi uliobuniwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi penseli huwa ngumu na mstari wake huwa hafifu. Hapo utakuwa umefundisha na sayansi.

Kuhusu wewe mwenyewe, kazi yako ni kuuliza maswali ya kutazama: kipi kirefu zaidi, kinaegemea upande gani, kinaanzia usawa wa nini. Maswali hayo anaweza kuyauliza mtu ambaye hajawahi kushika penseli. Video usiziondoe, ila kila baada ya picha moja mwambie mtoto amchore mnyama yule yule akiwa anatazama upande wa pili, bila simu.


Brashi ya Msasani alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana na mengi uliyoyaandika, hasa hilo la kikombe, lakini naona kunakili kumepewa nafasi ndogo kuliko inayostahili, na mimi ni shahidi kwa sababu ndivyo nilivyojifunza kazi inayonilisha.

Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vibao vya mraba na rangi za mafuta zinazong'aa, wanafunzi wake wachache, ambao baadhi yao walikuwa jamaa zake, walijifunza kwa kukaa ubavuni mwake na kufanya anavyofanya. Alipofariki mwaka 1972 kazi haikufa, kwa sababu mikono yao ilikuwa imekwisha kuizoea. Mimi niliikuta karakana miaka mingi baadaye, na kwa miezi kadhaa nilipewa ndege mmoja tu wa kunakili. Shingo yake ilitakiwa ichorwe kwa mvuto mmoja wa brashi, bila kusita na bila kurudia. Ukisita, rangi inajikusanya pale uliposita na kila mtu anaona. Hakuna kupima kwa penseli kunakoweza kumpa mtu mvuto ule. Unapatikana kwa kurudia.

Jambo la pili ni kwamba hatua hutegemea picha inayotakiwa. Sisi tunaanza na usuli: kibao kinapakwa rangi yote, pengine njano inayofifia kuelekea nyekundu, kinaachwa kikauke hadi kesho yake. Kisha mnyama anachorwa kwa chaki, anajazwa rangi yake kuu, anaachwa tena akauke, na madoa, manyoya na mistari ya pembeni huja mwisho kabisa. Hakuna kivuli cha yai wala mstari wa upeo, na picha haipungukiwi na kitu. Mtoto wa Dar es Salaam asifundishwe kwamba picha bila kivuli haijakamilika, ilhali akipita Oysterbay anakutana na picha za namna hii zimepangwa kando ya barabara.

Dada, kijana wako wa miaka 12 anaweza kujaribu mpangilio huu kwa rangi za maji na kadibodi ya boksi iliyopakwa kwanza rangi nyeupe. Rangi za mafuta na tina (kiyeyusha rangi) msizitumie ndani ya nyumba, kwa sababu harufu yake ni kali na ina madhara kwa watoto.


Mwalimu wa Kigamboni alijibu:

Marahaba, kijana wangu. Umenisahihisha pale palipostahili. Nilipaswa kutenganisha kunakili kwa mtu aliyekaa ubavuni mwako, anayeuona mkono wako na kukurudisha pale uliposita, na kunakili kwa kioo cha simu kisichokuona. Hilo la kwanza ni mafunzo kamili. Na ni kweli kwamba kivuli ni uamuzi wa mchoraji, si sharti la picha. Nitaanza kuwaeleza wanafunzi wangu hivyo.


Mama wa Wanne, Mbezi, alijibu:

Mama wa Tabata, mimi pia ninafundisha nyumbani, na nataka kuzungumzia umri, kwa sababu naona ushauri wote uliotolewa unamfaa zaidi mtoto wako wa kati na yule mkubwa. Yule wa miaka 6 mwache kwanza. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyeandika mwaka 1947 kuhusu hatua ambazo uchoraji wa watoto hupitia, alieleza kwamba kati ya miaka 4 na 7 mtoto huchora kile chenye uzito kwake, kwa ukubwa anaouona moyoni, na kwamba kuanzia miaka 9 hivi ndipo huanza kusumbuka kwamba picha yake haifanani na kitu chenyewe. Mwanao wa miaka 9 aliikunja karatasi ile kwa sababu amefika umri huo. Mdogo wake angechora birika kubwa kuliko nyumba akaridhika, na ana haki ya kuridhika. Mimi wangu wa umri huo humpa chaki na sakafu ya baraza, kisha namwomba anisimulie alichochora, wala simpimishi kitu.

Kwa wale wakubwa wawili, nenda nao Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama. Nyumba za jamii mbalimbali zimejengwa pale kwa ukubwa wake halisi, na hakuna mahali katika jiji hili panapofundisha maumbo vizuri kuliko pale. Tembe ya Wagogo ni boksi lililolala, lenye paa bapa. Msonge wa Wahaya hauna ukuta na paa kama vitu viwili. Nyasi zinashuka kutoka kileleni hadi chini, na mtoto aliyezoea kuchora nyumba kwa mraba na pembetatu juu yake analazimika kuanza upya. Binti yangu alikaa mbele ya msonge kwa zaidi ya nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo aliutumia kutafuta kilele kiangukie wapi kwenye karatasi. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa la utosi, kwa kuwa wakati wa adhuhuri vivuli vinajificha chini ya nyumba na mtoto naye anachoka mapema.

Sisi huchora dakika ishirini kila siku badala ya saa mbili za Jumamosi, na nyuma ya kila karatasi tunaandika tarehe. Msimu wa masika zihifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sababu unyevu wa hapa Dar huzilainisha, na karatasi iliyolainika huchanika ikifutwa kwa raba.


Mama wa Tabata aliandika, baada ya wiki tatu:

Ndugu zangu, nimerudi kuwashukuru na kuwaeleza tulipofika. Tulianza na kikombe kama Mwalimu alivyoelekeza. Nilipokiinua hadi usawa wa macho ya mwanangu wa kati alinishika mkono nisikishushe, akaniambia, "Mama, subiri, mdomo umepotea." Amechora vikombe kumi na kimoja tangu siku ile, na kuanzia cha saba kitako kimekuwa cha mviringo bila mimi kukumbusha. Birika tumelichora mara mbili. Lile la pili mdomo wake bado ni mkubwa mno, lakini aliligundua kosa mwenyewe kwa kupima, wala hakuikunja karatasi. Mkubwa ameanza kibao cha kadibodi chenye usuli wa njano, na kwa mara ya kwanza nimemwona akingoja kitu kikauke bila kulalamika. Mdogo anachora barazani kwa chaki na kutusimulia.

Yamebaki mawili. La kwanza, huyu wa kati anafuta mno. Kuna jioni anafuta kuliko anavyochora. La pili, nilimwambia amchore simba akiwa amegeukia upande wa pili, akakwama kwenye miguu ya nyuma, akasema anataka kwanza akamtazame paka wa jirani ili aone miguu inavyokunjwa. Nilifurahi, ila paka hatulii, na amerudi akiwa na karatasi yenye mistari isiyokamilika, amevunjika moyo.


Mwalimu wa Kigamboni alijibu:

Dada, la raba ni jepesi. Iweke juu ya kabati hadi hatua ya maumbo iishe. Mstari uliokosewa aubakize hapo ulipo na achore ulio sahihi kando yake, kwa sababu ule uliokosewa ndio unaomwonyesha ulio sahihi uende umbali gani. Akiufuta, atarudia kosa lile lile mahali pale pale. Raba irudi wakati wa kusafisha mwishoni.

Kuhusu paka, mwanao amefanya jambo ambalo wanafunzi wangu wengi huchukua muda mrefu kulifikia, na hiyo karatasi yenye mistari isiyokamilika usiitupe. Kwanza amchore paka akiwa amelala, mchana wa joto, anapokuwa hajigeuzi kwa muda mrefu. Kisha, kwa paka anayetembea, aigawe karatasi moja katika sehemu sita na aanze michoro sita: paka akibadili mkao, mtoto ahamie sehemu nyingine, paka akirudia mkao wa mwanzo, naye arudi kwenye mchoro wa mwanzo aongeze alichokikosa. Paka ana mikao michache anayoirudia siku nzima, na baada ya siku tatu nne michoro miwili kati ya ile sita itakuwa na miguu ya nyuma. Miguu hiyo ndiyo ya simba wako, isipokuwa ya simba ni minene zaidi. Ukipenda tuwekee picha ya karatasi hiyo hapa, kama ilivyo, tuitazame pamoja.